Uzuri na Upungufu wa Picha ya Mtunza Bustani

Kila picha ya sinema inapokwisha kuonyeshwa bwaloni Jumamosi usiku, ubishi huanza kabla madawati hayajarudishwa mahali pake. Huyu asema ilikuwa nzuri, yule asema ilikuwa mbaya, na mpaka kengele ya kulala inagongwa hapana hata mmoja aliyeeleza kwa nini. Mimi naona mtu anayesifu picha hana budi aonyeshe uzuri wake uko wapi, na anayeilaumu afanye vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu nipime picha moja tuliyoonyeshwa mwezi wa Aprili, iitwayo The Constant Gardener. Kwa Kiswahili twaweza kuiita Mtunza Bustani Asiyechoka. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ilipigwa kwa jirani zetu wa Kenya. Pili, habari zake zilifika mpaka nyumbani kwa bibi yangu, upande wa Karema, ambako hapana sinema, na huko zilitaka kuleta madhara. Nitaeleza hayo mbele.

Picha hii ilitolewa mwaka 2005. Imetokana na kitabu cha mwandishi Mwingereza, John le Carré, kilichotoka mwaka 2001. Aliyeiongoza ni Fernando Meirelles wa Brazili, na sehemu kubwa ilipigwa Kibera mjini Nairobi na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Mtunza bustani ameigizwa na Ralph Fiennes, na mkewe ameigizwa na Rachel Weisz, ambaye kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike mwaka 2006.

Kisa chenyewe ni hiki. Bwana Justin Quayle ni ofisa wa ubalozi wa Uingereza mjini Nairobi, mtu mpole asiyependa makuu, ambaye furaha yake ni kutunza maua. Mkewe, Tessa, ni kinyume chake. Haogopi mkubwa wala mdogo, na mara kwa mara yumo Kibera pamoja na daktari mmoja Mwafrika aitwaye Arnold Bluhm. Siku moja Tessa na Arnold wanasafiri kwenda pande za Ziwa Turkana. Gari linaonekana limepinduka, Tessa na dereva wameuawa, na Arnold haonekani. Wakubwa wanasema haya ni mambo ya mapenzi na wivu, na wanataka shauri liishe upesi. Justin haridhiki. Anafuata nyayo za mkewe kutoka Nairobi hadi London, Berlin na Sudani, akagundua kwamba aliuawa kwa sababu ya dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa. Dawa hiyo ilikuwa ikijaribiwa kwa maskini wa Kenya, nayo ilikuwa ikiua baadhi yao. Wenye dawa walificha vifo hivyo ili wasichelewe kuiuza duniani. Yafaa niseme mapema kwamba dawa hiyo na kampuni zake ni za kubuniwa.

Sasa nitataja uzuri wake. Uzuri wa kwanza ni jinsi fumbo lilivyofungwa. Msimulizi hakuanza na ndoa wala na mapenzi. Alianza na kifo, kisha akarudi nyuma polepole kutuonyesha aliyekufa alikuwa mtu gani. Kwa hiyo tunamfahamu Tessa tukiwa tumekwisha kujua kwamba amekufa, na kila akicheka sisi tunasikitika. Zaidi ya hayo, picha inatutegea mtego. Inatuonyesha Tessa na Arnold pamoja, inatusikilizisha minong'ono ya watu wa ubalozi, nasi tunaingia katika minong'ono hiyo bila kujijua. Bwaloni usiku ule nusu ya Kidato cha Nne ilikuwa imekwisha kumhukumu Arnold kuwa ndiye mwuaji. Maiti ya Arnold ilipopatikana, naye ameteswa na kuuawa, bwalo lilinyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya fumbo zuri: humfunza mtazamaji namna yeye mwenyewe anavyohukumu upesi. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata, nasi tulijifanya twaijua hali hatukuwa kata.

Uzuri wa pili ni mpelelezi mwenyewe. Katika vibanda vya video hapa Mpanda tumezoea mabingwa wanaoua watu arubaini bila kudondosha kofia, huku mfasiri akiwapigia makelele kwa Kiswahili. Katika vitabu vyetu tunaye Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mwenye akili kali na kiko chake, ambaye alianza kujulikana katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Justin si bingwa wa bunduki wala si mwerevu kama Bwana Msa. Mjini Berlin anapigwa chumbani mwake na kuonywa aache kuuliza, wala hana uwezo wa kurudisha hata kofi moja. Kinachomsukuma ni majonzi. Kila anapogundua jambo anagundua pia kwamba alikuwa hamjui mkewe vizuri. Hivyo katika picha hii kuna mafumbo mawili, la mwuaji na la mke, na la pili lilinigusa kuliko la kwanza.

Uzuri wa tatu ni nchi ilivyoonyeshwa. Mabati ya Kibera yenye kutu, reli, matope na watoto wanaofuata mgeni, yote ni kweli, kwa kuwa ilipigwa huko huko miongoni mwa wenyeji, na Kiswahili kinasikika. Ziwa Turkana, pamoja na ukavu wa kando yake, lilinikumbusha Ziwa Rukwa wakati wa kiangazi, ardhi nyeupe na jua lisilo na huruma. Tena wapigaji picha walipomaliza kazi hawakuondoka hivi hivi, bali waliunda mfuko wa kuwasaidia watu wa Kibera na Loiyangalani, hasa katika elimu. Jambo hilo haliongezi uzuri wa picha, lakini ni haki litajwe.

Uzuri wa nne ni mkubwa kuliko yote. Mapema katika kisa, Tessa na Justin wamo garini, na njiani wanampita mtoto wa kiume aitwaye Kioko, amebeba kichanga cha dada yake aliyekufa hospitali, naye ana mwendo mrefu mpaka kwao. Tessa anataka wampakie. Justin anakataa, akisema wenye shida ni wengi mno, hatuwezi kuwasaidia wote. Tessa anamjibu kwamba hawa hapa twaweza kuwasaidia. Karibu na mwisho, huko Sudani, wapanda farasi wanashambulia kambi, na Justin anamwomba rubani ampakie msichana mmoja. Rubani anakataa kwa sababu ile ile ya wingi wa watu, naye Justin anasema maneno yale yale ya mkewe. Hakuna muziki wala hotuba ya kutueleza kwamba amebadilika. Tunaona wenyewe.

Baada ya sifa hizo nathubutu kutaja upungufu. Upungufu wa kwanza ni mchanganyiko. Picha inaruka mbele na nyuma, majina ya watu na makampuni ni mengi, na Kiingereza chake ni cha haraka. Wenzetu wa Kidato cha Kwanza walipotea njia kabla ya nusu, wakalala juu ya madawati. Fumbo lafaa liwe gumu kwa sababu ukweli umefichwa, lakini lisiwe gumu kwa sababu msimulizi hakutushika mkono.

Upungufu wa pili ndio ulionifanya nichukue kalamu. Dada yake Kioko anaitwa Wanza Kilulu. Ni msichana mdogo aliyelazwa jirani na Tessa katika hospitali ya Nairobi. Tessa mtoto wake alikufa wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo anakinyonyesha kichanga cha Wanza, ambaye hana nguvu tena. Wanza anakufa, na ni kifo hicho kinachomfanya Tessa aanze kuuliza. Bila Wanza hakuna kisa. Lakini picha inatuambia nini juu ya Wanza? Hatujui alipenda nini, wala mama yake ni nani, wala alijibu nini alipopewa dawa. Yeye na wenziwe wanakufa na kuzikwa kwa siri, na picha inasonga mbele. Hata Arnold, daktari aliyefanya uchunguzi ule ule kama Tessa na kufa kwa ukatili zaidi, hatuonyeshwi nani aliyemlilia.

Mwisho wenyewe ni hivyo hivyo. Justin anakwenda kuuawa kando ya Ziwa Turkana, mahali alipouawa mkewe. Kisha ukweli unatangazwa kanisani mjini London, binamu wa Tessa anaposoma hadharani barua ya mkubwa aliyehusika. Tulipiga makofi bwaloni, na mimi nilipiga. Walakini baadaye kitandani nilijiuliza: je, Kioko aliambiwa? Waliokufa walikuwa Nairobi, na habari ya kufa kwao ikasomwa London mbele ya watu waliovaa suti. Hapana hakimu wa Kenya, wala mwandishi wa gazeti wa Kenya, wala mzazi mmoja wa Kibera anayesimama na kuuliza. Picha inafundisha kwamba mtu mmoja ana thamani hata kama wenye shida ni wengi. Maneno hayo ni mazuri mno, ila picha yenyewe haikuyatimiza kwa Wanza. Kifo cha Tessa ni fumbo la kufumbuliwa kwa saa mbili, na kifo cha Wanza ni ushahidi tu.

Upungufu wa tatu ni kwamba picha inatuonyesha upande mmoja tu wa majaribio ya dawa. Sisemi kwamba hofu yake imezuliwa. Mwaka 1996 kulikuwa na maradhi ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, na kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto. Watoto kiasi cha 200 waliingizwa katika jaribio, nusu wakapewa dawa mpya na nusu dawa iliyokuwa ikijulikana. Watoto 11 walikufa, wa pande zote mbili. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Basi anayeogopa ana sababu. Tangu mwaka 1964 madaktari wa dunia walikwisha kukubaliana, katika Tamko la Helsinki, kwamba mtu hajaribiwi dawa bila ridhaa yake baada ya kuelezwa. Hapa Tanzania majaribio kama hayo hayana budi kupata kibali kwanza, na miongoni mwa wanaoyapima ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Lakini upande wa pili upo, nao unatuhusu sisi. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi walichoka wakaacha. Mwaka 1970 jaribio lilianzishwa katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ili kuona kama miezi sita yatosha. Taarifa iliyotolewa mwaka 1972 ilionyesha kwamba yawezekana. Tiba ya miezi sita inayotumika leo duniani imetokana na majaribio ya namna hiyo, na wagonjwa wa nchi zetu ndio waliokuwa wa kwanza kuonyesha njia. Mwenye kuitazama picha hii peke yake atadhani kujaribu dawa ni sawasawa na kuua. Ubaya hauko katika kujaribu. Uko katika kuficha.

Nilisema nitaeleza habari za bibi yangu. Mwezi wa Machi aligunduliwa ana kifua kikuu, akaanza kupewa vidonge bure zahanati. Kufika likizo ya Juni alikuwa amenenepa kidogo, kikohozi kimepungua, na anakwenda mwenyewe mwaloni kutazama mitumbwi ikiingia. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anasoma Kidato cha Pili hapa hapa shuleni, naye aliiona picha. Yeye alinitangulia kufika nyumbani, akamsimulia bibi kisa chote: dawa ya kifua kikuu, Wazungu, maskini wanaokufa na kuzikwa kwa siri. Akamalizia kwa methali, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nilipofika nikakuta vidonge vya siku sita vimo ndani ya kopo la chai, juu ya kabati.

Nilimwamkia bibi, naye akaitikia, akasema, "Mume wangu, na wewe umekuja kuninywesha sumu?" Sikupata la kusema upesi. Ningemweleza habari za miaka ya 1970 angeniona namsomea kitabu. Nikakumbuka kwamba yeye ameuza migebuka na dagaa tangu baba yangu hajaenda shule.

Nikamwuliza, "Bibi, ukikuta mgebuka mmoja ameoza ndani ya tenga, watupa tenga zima?"

Akacheka. "Nitupe tenga zima, nina wazimu? Nanusa mmoja mmoja."

"Basi bibi, dawa hii imenuswa zaidi ya miaka hamsini. Ile ya kwenye picha ilioza, na kosa la wenyewe ni kwamba walijua imeoza wakaiuza."

Hakunijibu, akaendelea kuchambua mboga. Asubuhi yake alivaa kanga safi akaniambia nimsindikize zahanati. Mwuguzi hakumgombeza. Alimwambia kwamba mgonjwa akiacha dawa katikati vijidudu huzoea dawa, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu kutibika, tena kwa muda mrefu zaidi. Bibi akamwuliza mambo ambayo hakuwa ameuliza mwezi wa Machi: vidonge hivi vyaitwaje, mbona mkojo wabadilika rangi, na nani alivimeza kabla yangu. Mwuguzi alimjibu yote. Naona maswali yale yalikuwa ridhaa yake ya kweli, na lazima niseme kwa haki kwamba bila picha ile labda asingeyauliza. Nilipoondoka kurudi Mpanda alikuwa anameza dawa zake. Muda wake haujaisha, nasi tunangoja majibu ya makohozi.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na haki nusu. Aliona kwamba picha inasema jambo zito, akalipeleka nyumbani, na hilo ni bora kuliko kuitazama na kuisahau. Alichokosa ni kutenganisha dawa na udanganyifu, na picha haikumsaidia kutenganisha, kwa maana haikuonyesha hata mgonjwa mmoja wa Kibera aliyepona. Picha nzuri ina nguvu, na mwenye nguvu sharti aangalie mahali anapokanyaga.

Kama ningekuwa mwalimu wa kusahihisha, ningeipa alama 70 kati ya 100. Kumi nimeziondoa kwa ajili ya mchanganyiko, kumi kwa ajili ya Wanza na Arnold, na kumi kwa ajili ya kuonyesha upande mmoja wa majaribio. Alama 70 si haba, nami ningependa ionyeshwe tena mwakani, ila nashauri mwalimu wetu wa baiolojia aalikwe azungumze nasi nusu saa baada ya taa kuwashwa.

Nanyi wenzangu mnaobaki, mkionyeshwa picha ya mauaji na mafumbo, fanyeni hesabu ndogo. Hesabuni waliokufa, kisha hesabuni wale ambao picha ilijisumbua kuuliza kwa nini wamekufa. Tofauti ya hesabu hizo mbili itawaambia mengi juu ya mtu aliyeitengeneza. Na kama kuna mmoja wenu mwenye kipaji cha kutunga, namwachia kazi hii: Kioko amekua, amesoma, sasa ni kijana wa makamo yetu. Anapanda basi kutoka kwao, anafika hospitali ile ya Nairobi, anasimama dirishani na kuuliza, "Dada yangu, Wanza Kilulu, alikufa kwa nini?" Swali hilo peke yake latosha kwa saa mbili za sinema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne